Sahani Isiyochezwa

Bonde la Kilombero lilikuwa mahali pabaya pa kutunza santuri na mahali pazuri pa kuzicheza. Mambo hayo mawili, yakichanganywa, ndiyo yanayoamua leo nani ana mali ndani ya sanduku lake na nani ana plastiki tu.

Tuanze na hali ya hewa, maana yenyewe ilipanga bei kabla mnunuzi yeyote hajafika. Katindiuka ni kata mojawapo ya Mji wa Ifakara, kwenye tambarare ya mpunga isiyofika mita 300 juu ya usawa wa bahari. Masika yakikolea maji hutanda, na ndani ya nyumba unyevu hupanda ukutani. Karatasi hujikunja na kuota ukungu. Mchwa hawabagui kati ya kitabu cha nyimbo za kanisani na kava la santuri. Sahani yenyewe, ikiwa ya plastiki, hailiwi na mdudu wala haiozi. Adui yake ni joto. Iache juu ya kabati chini ya bati, mchana wa saa nane, itapinda, na ikishapinda mkono wa sindano hupanda na kushuka kama mtumbwi uliokatiza wimbi la boti.

Sasa ongeza watu. Tudhanie sahani moja ya bendi ya Morogoro Jazz, ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyofyatuliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imefika Morogoro mjini, ikanunuliwa dukani, ikapakiwa kwenye lori pamoja na sabuni na chumvi, ikapita Mikumi na Kidatu kwenye vumbi jekundu. Reli ya TAZARA bado inajengwa. Aliyeinunua ana fedha kwa sababu mpunga umeshauzwa, au kwa sababu ana kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero au kambi ya reli. Mwenye gramafoni ni mmoja. Wasikilizaji ni mtaa mzima. Sahani itapigwa harusini, itapigwa Sabasaba, itaazimwa na shemeji, itarudi bila mfuko wake wa karatasi. Sindano ikianza kurukaruka, mtu ataweka sarafu juu ya mkono wake ili ushike, na kuanzia siku hiyo ile sindano haisomi tena mistari, inailima.

Umeme nao ulikuwa na vituko vyake. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha mwaka 1975, karibu kabisa na bonde hili, lakini nyaya kubwa zilielekea Morogoro na Dar es Salaam. Huku mitaani muziki ulikwenda kwa betri. Betri zikichoka sahani huzunguka polepole, sauti ya mwimbaji inazama hadi inakuwa ya mzee, na hakuna anayeizima kwa sababu ngoma bado haijaisha.

Mkusanyaji wa leo akisoma maelezo hayo ataona orodha ya makosa. Waliokuwapo hawakuwa wakitunza kitu, walikuwa wanakitumia. Na hapo ndipo jambo la sura hii lilipo: soko la santuri za kale, kwa sehemu kubwa, hulipa sahani ambayo watu hawakuicheza. Iliyopendwa iliisha kwa kupendwa. Iliyonunuliwa kwa bahati mbaya, ikapigwa mara mbili na kurudishwa kwenye kava, ndiyo iliyofika kwetu ikiwa inang'aa.

Mizani ya wakusanyaji inalisema hili bila aibu. Wauzaji wengi duniani, wakiwamo wa tovuti ya Discogs iliyoanzishwa mwaka 2000, hupima hali ya sahani kwa madaraja yaliyoenezwa na jarida la Marekani liitwalo Goldmine. Sahani iliyo karibu na upya kabisa hulipwa bei kamili. Yenye dalili ndogo za kuchezwa hupata nusu. Ile ambayo mikwaruzo yake inasikika, ingawa wimbo bado unatawala, hupata robo. Ikishuka daraja moja tena hubaki na kama sehemu ya kumi, na iliyopinda au kupasuka hutolewa karibu na bure. Ukiangalia vizuri, tofauti kati ya bei kamili na sehemu ya kumi ni sarafu ile juu ya mkono wa sindano.

Umri, kwa hiyo, si hoja. Watu wengi wanaofungua sanduku la marehemu babu hudhani miaka 50 inatosha kuifanya sahani kuwa lulu. Michael Jackson alitoa Thriller mwaka 1982. Imepita miaka mingi, na nakala ya kawaida bado haitakununulia hata gunia la mpunga, kwa sababu zilifyatuliwa kwa mamilioni na dunia imejaa nazo. Linganisha na kijana mwingine wa Marekani, Frank Wilson. Mwaka 1965 kampuni ya Motown ilitengeneza nakala za majaribio za wimbo wake, Do I Love You (Indeed I Do), kisha haikuutoa. Nakala karibu zote ziliharibiwa, na Wilson akaendelea na kazi ya kutayarisha nyimbo za wengine. Baadaye vijana wa kaskazini mwa Uingereza, waliokuwa wakikesha kwenye kumbi wakicheza muziki wa soul uliosahauliwa Marekani, wakaufanya kuwa wimbo wao. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Wimbo ule haukuwa umeshindwa kupendwa. Haukupewa hata nafasi ya kujaribu. Kwa mkusanyaji, hiyo ni sifa.

Lakini kuna njia ya pili ya kuwa adimu, na hiyo inatuhusu zaidi sisi wa mabondeni. Mwaka 2013 mkusanyaji John Tefteller alilipa dola 37,100 kwa sahani ya Tommy Johnson, mwimbaji wa blues wa Mississippi, iliyotolewa na Paramount mwaka 1930. Nakala zinazojulikana ni mbili. Paramount ilikuwa tawi la kampuni ya kutengeneza viti huko Wisconsin. Sahani zake zilikuwa za malighafi hafifu, na wateja wake walikuwa wakulima weusi wa kusini, watu wa pamba na mafuriko, ambao wakishanunua sahani waliipiga mpaka ikanyamaza. Katika miaka ya 1960 mtafiti Gayle Dean Wardlow alizunguka Mississippi akibisha hodi nyumba hadi nyumba, akiuliza kama kuna santuri za zamani zinazouzwa. Bibi vizee walimtolea maboksi kutoka uvunguni mwa vitanda. Mtu aliyekulia kati ya Kidatu na Mlimba hahitaji kuelezwa sura ya uvungu ule.

Kwetu, hadithi inaanzia baharini. Machi 1928, Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja walisafirishwa hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice. Safari ile ndiyo iliyomfanya mwimbaji wa Kiswahili asikike mahali ambapo mwenyewe hajafika, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sahani za enzi hizo hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India anayeishi juu ya miti, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi, zikazunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba kama dakika tatu. Ule unga wa mawe uliwekwa makusudi, pamoja na mengine, ili usage ncha ya sindano ya chuma ikae sawasawa kwenye mstari. Ndiyo maana sindano ilitakiwa kubadilishwa kila upande. Nani alibadilisha? Pakiti ya sindano ilikuwa fedha. Na sahani hizo zikianguka sakafuni zilivunjika vipandevipande. Santuri ya Siti iliyo nzima, isiyo na ufa, yenye lebo inayosomeka, imepita majaribu mengi kuliko mali nyingi zilizomo kwenye majumba ya makumbusho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya kurekodi ilihamia karibu. Nairobi ikapata studio zake na kiwanda cha kufyatua sahani. Mombasa, duka la Assanand likatoa nembo ya Mzuri. Na hapo mkoa wetu unaingia kwa kishindo, kwa sababu mmoja wa waliong'ara kwenye nembo hiyo alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro mjini na bendi yake, Cuban Marimba. Jina la bendi linaeleza kila kitu: sahani za Kuba zilikuwa zimefika hadi kwenye milima ya Uluguru, vijana wakazisikiliza, wakatia Kiswahili. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya barabarani. Mwaka 2000 mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner, aliyekaa miaka mingi na muziki wa pwani, alikusanya rekodi zake za kati ya 1955 na 1965 kwenye CD moja iliyotolewa na kampuni ya Dizim. Kabla ya hapo, aliyetaka kumsikia mara nyingi ilimbidi apate sahani, au amfahamu mtu mwenye sahani.

Mjini humohumo walikuwapo wapinzani, Morogoro Jazz, wakiwa na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Upinzani wa bendi hizi mbili ulikuwa wa kweli, wa mashabiki kununiana. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonesho makubwa ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka na kuanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafariki Mombasa baada ya ajali ya gari. Kwa mtu wa Ifakara bendi hizi hazikuwa za Tanzania tu. Zilikuwa za nyumbani, za mkoa.

Sasa tuangalie bei za sahani zao, tuone soko linavyofikiri. Sahani za Mbaraka zilitolewa na Polydor, zikauzwa sana Tanzania na Kenya. Baada ya kifo chake, kampuni ikazirudia kwenye mfululizo wa sahani kubwa ulioitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Kwa hiyo nyimbo zake zilizowaliza watu zaidi ndizo rahisi zaidi kupatikana, na nakala iliyochakaa hulipwa dola chache. Mtu anayemwona Mbaraka kuwa mwanamuziki mkubwa kuliko wote aliowahi kuwasikia, nami nimo, atakasirika. Hasira hiyo haina mahali pa kupelekwa. Soko halimpimi Mbaraka, linahesabu nakala. Ila nakala ya toleo la kwanza, isiyo na mkwaruzo, ya wimbo ambao kila nyumba iliucheza, hiyo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ili ibaki hivyo ilipaswa kununuliwa na mtu asiyependa kucheza.

Kuna jambo moja la Tanzania linalowachanganya wageni. Mtu akitoka Ulaya na orodha ya nyimbo maarufu za dansi za miaka ya 1970, akitafuta santuri zake, atagundua kwamba baadhi hazikuwahi kuwa santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio kubwa ya nchi. Bendi zilipanga foleni, zikarekodi kwenye kanda, nyimbo zikarushwa hewani, na bonde zima likazijua kwa moyo bila mtu yeyote kununua chochote. Waliotaka sahani iliwalazimu kwenda Nairobi, au kampuni za Nairobi ziwafuate. NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, Afro 70 ya Patrick Balisidya: kila moja ina sehemu iliyo kwenye sahani na sehemu iliyo kwenye kanda za redio peke yake. Thamani ya sanduku la Katindiuka haiwezi kuzidi kile kilichobahatika kuvuka mpaka kwenda na kurudi.

Halafu mpaka ukafungwa. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya miaka hiyo kukawa na vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse santuri. Bendi ziliendelea kurekodi redioni na baadhi ya wanamuziki walikuwa Nairobi, lakini sahani iliyofyatuliwa kule miaka hiyo ilikuwa na kazi kufika Ifakara kwa njia halali. Ndiyo maana ukikuta sahani ya mwaka 1980 kwenye sanduku la bondeni, uliza imepitaje. Wakati mpaka unafunguliwa, kaseti zilikuwa zimeshashika soko, na mtu mmoja mwenye redio mbili aliweza kufanya kazi ya kiwanda.

Sahani ndogo ilikuwa na mateso yake ambayo wakusanyaji wa leo wanayaona ni sehemu ya utamu. Dansi la Tanzania lina sehemu mbili: maneno kwanza, kisha magitaa yanachemka na watu wanainuka. Dakika tatu na ushee za upande mmoja hazikutosha. Kwa hiyo wimbo ulikatwa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na pale hasa ambapo jasho linaanza kutoka ilibidi mtu akimbie akageuze sahani. Matokeo yake yanaonekana kwa macho hadi leo: kwenye nakala nyingi zilizotoka kwenye kumbi na nyumba za ngoma, upande B umechoka kuliko upande A. Wanaouza kwa kuangalia upande mmoja tu hudanganyika, au hudanganya.

Tuseme basi bei inafuata uadimu na usafi. Bado kuna kitu cha tatu, nacho hakitupendelei. Wanunuzi wenye fedha nyingi wako London, Berlin, Paris, Tokyo, na bei haisikii Kiswahili. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko ulioitwa Kenya Special, wa rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, na ladha yake ilielekea upande ambao mnunuzi wa ng'ambo anauelewa bila mkalimani: besi nzito, ngoma za funk, gitaa lenye kelele. Sahani za namna hiyo, ambazo wengi kwetu tungezipita dukani, sasa zinaweza kufika mamia ya dola. Wimbo wa mafumbo mazito, wa mke aliyeachwa au rafiki msaliti, wenye gitaa la upole na beti zinazomfanya mtu wa Ifakara atikise kichwa, unabaki palepale. Sina ugomvi na funk. Nasema tu kwamba anayejipangia bei kwa kufuata anavyolia wimbo ukipigwa, atauza vibaya, na atakayenunua kwa kufuata bei za mtandaoni atakuwa na sahani za gharama asizozisikiliza.

Na matoleo mapya hayashushi bei ya sahani ya asili kama watu wanavyohofia. Mara nyingi huipandisha. Kabla ya kutolewa upya wimbo ulijulikana na watu kumi; baada ya hapo unajulikana na maelfu, na miongoni mwao wapo wenye ugonjwa wa kutaka ile yenyewe, yenye lebo ya karatasi iliyobandikwa Nairobi.

Kwa hiyo, mwenye sanduku. Jambo la kwanza ni kutofanya lolote kwa haraka, hasa kusafisha. Watu wengi wakiona ukungu hukimbilia spiriti. Kwa sahani ya plastiki iliyo kwenye mikono mizuri huenda isilete maafa. Kwa ile ya zamani ya mizunguko 78 ni kuiua, kwa sababu utomvu uliotumika kuitengenezea huyeyuka kwenye pombe, na gongo ni pombe pia. Maji safi ya vuguvugu yenye tone la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, kufuata mzunguko wa mistari na si kuikata, na kulinda lebo isilowe: hayo yanatosha. Kisha zisimame wima kama vitabu, mbali na bati na mbali na sakafu. Zikilazwa moja juu ya nyingine, zile za chini hubeba uzito wa zote kwa miaka. Kava lililoliwa nusu na mchwa lisitupwe. Sahani nyingi ndogo za Nairobi zilivaa mfuko wa karatasi tu wa kampuni, kwa hiyo ukikuta kava lenye picha, hata kipande, kina thamani yake.

Kusoma lebo ni kazi ya dakika chache na inalipa. Jina la bendi, upande, nembo (Mzuri, Equator, Philips, Polydor, HMV, Columbia), na namba. Halafu iinamishe sahani kwenye mwanga utazame ile sehemu laini kati ya mstari wa mwisho na lebo. Humo kuna namba zilizochongwa kiwandani, na hizo ndizo zinazomwambia mnunuzi kama ni ufyatuaji wa kwanza au wa baadaye. Mchuuzi mjanja huanza kutazama hapo akijifanya anapuliza vumbi. Ukimwona anapuliza sana, usiuze siku hiyo.

Wapi pa kuuza? Kusema kweli, soko la karibu lenye uzoefu ni lile lile lililozifyatua. Katika Soko la Kenyatta, Nairobi, Jimmy Rugami amekuwa akiuza santuri tangu watu walipokuwa wakizitupa, na kibanda chake kinajulikana na wasafiri wa mabara yote. Katika Mtaa wa Tom Mboya duka la Melodica, lililokuwa na nembo yake mwenyewe miaka ya 1970, limebaki na historia yake rafuni. Dar es Salaam ina wachuuzi, lakini wengi huuza kwa kubahatisha. Kutuma sahani moja ng'ambo kwa posta kutoka Ifakara huweza kula faida yote ya sahani ya kawaida, tena plastiki ikasafiri juani. Ndiyo maana wanunuzi wakubwa hupendelea kuja wenyewe na kuchukua kwa mafungu. Bei ya fungu ndiyo inayomuumiza mwenye sanduku, maana sahani moja nzuri hufichwa kati ya hamsini mbovu na zote hulipwa kama mbovu. Kuzipiga picha moja moja, pande zote mbili, kabla ya mtu yeyote kuziona ni kinga isiyo na gharama kwa mwenye simu.

Kuna mnunuzi wa aina nyingine, nadra zaidi, ambaye hataki sahani. Anataka sauti. Kampuni zinazotoa upya muziki wa kale mara nyingi hazina kanda za asili. Zimepotea au zimeharibika, na njia iliyobaki ni kunakili kutoka kwenye sahani safi iliyopatikana. Kwa mtu wa namna hiyo hata ile iliyochakaa ina kazi, kama ndiyo nakala pekee, maana mashine za sasa huweza kupunguza mikwaruzo mingi. Hapo soko linageuka: mwenye sahani isiyouzika ghafla ana kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na anaweza kukiazimisha akabaki nacho.

Ila sauti si yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Tungo za Mbaraka Mwinshehe, kwa hesabu hiyo, zinalindwa hadi 2029, na wenye nazo ni warithi wake. Rekodi nazo zina wenyewe. Aliyenunua sahani dukani Morogoro mwaka 1972 alinunua plastiki na ruhusa ya kucheza. Kwa hiyo mgeni akifika Katindiuka na kusema hataki kununua, anataka kuazima kwa siku mbili tu ainakili, mwenye sanduku ana maswali mawili ya kumuuliza. La kwanza, iko wapi karatasi ya warithi. La pili, siku mbili hizo anazilipia kiasi gani, na atakayerudisha sahani ikiwa na ufa atalipa bei ya daraja lipi.